Kuanza maisha ya mwanafunzi Leipzig: barua, chumba, jiko na burudani kabla ya giza la Novemba

Mhula wa baridi katika vyuo vikuu vya Ujerumani huanza rasmi tarehe 1 Oktoba, na mihadhara hufunguliwa karibu katikati ya mwezi huo. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na ikifika Desemba jua la Leipzig linazama mnamo saa kumi jioni. Kwa hiyo anayetua mwanzoni mwa Septemba ana muda mfupi wa kupanga makaratasi, chumba na burudani. Wengi huiacha burudani mpaka mambo ya ofisi yaishe, na hapo ndipo wanapoumia. Huku Ujerumani, timu ya mpira, darasa la kuogelea, kwaya, hata kumtembelea rafiki, vyote vina tarehe ya kujiandikisha au kupanga, na tarehe hizo huangukia wiki zilezile za kukimbizana na ofisi. Shughulikia vyote viwili kwa pamoja.

Jina kwenye sanduku la barua

Siku unayopokea ufunguo, bandika jina lako la mwisho kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango wa nje. Anwani nyingi za Ujerumani hazina namba ya chumba. Mtu wa posta hutafuta jina. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka, na humo ndani kuna namba ya siri ya kadi yako ya benki, kadi ya bima na namba ya kodi ya mapato. Ukiwa umejishikiza kwa mtu, anwani yako iwe na "c/o" ikifuatwa na jina lake kama lilivyo kwenye sanduku.

Wenye majina matatu, la mwisho likiwa la babu, wawe makini zaidi. Fuata pasipoti neno kwa neno katika kila fomu: benki, bima, chuo, mkataba wa nyumba. Ukijiandikisha chuoni kwa jina la baba na benki kwa jina la babu, mifumo yao itakuona kama watu wawili, na kurekebisha huchukua wiki kadhaa.

Hatua inayofuata ni Anmeldung, yaani kuandikisha makazi, kwenye ofisi ya jiji inayohudumia wakazi (Bürgeramt au Bürgerbüro). Sheria inatoa siku 14 tangu uhamie. Beba pasipoti, fomu, na Wohnungsgeberbestätigung, karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kuwa umehamia kwake. Watu wengi hurudishwa kwa sababu ya karatasi hii: wanakuja na mkataba wa pango wakidhani unatosha, na hautoshi. Miadi ikiwa imejaa, chukua ya karibu zaidi hata kama ni baada ya siku 14, hifadhi uthibitisho wake, kisha uchungulie tovuti asubuhi mapema, kwa kuwa nafasi zilizofutwa na wengine hurudi hapo.

Fomu huuliza dini. Ukiandika Mkatoliki au Mlutheri, unaingia kwenye kodi ya kanisa, ambayo ni asilimia 8 au 9 ya kodi yako ya mapato kutegemea jimbo. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo asiyelipa kodi ya mapato halipi chochote, lakini muumini wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, atakayepata kazi baadaye asishangae akiliona kato hilo kwenye mshahara.

Karatasi ya Anmeldung ndiyo inayofungua milango mingine. Akaunti ya kawaida ya benki hutangulia, kwani bila hiyo fedha za akaunti maalumu ya visa, Sperrkonto, hazina pa kuingia. Akaunti hiyo hukuachia kiasi kilichopangwa kila mwezi, euro 992 kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024, na malipo ya kwanza yanaweza kuchukua wiki moja au mbili baada ya kuwasilisha nyaraka zote. Uwe na euro 1,000 hadi 1,500 unazoweza kuzifikia mara moja, maana kodi ya kwanza ya chumba na amana ya mwenye nyumba hazisubiri.

Bima ya afya ya umma kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 ni karibu euro 140 hadi 150 kwa mwezi. Mawakala watakupa bima binafsi ya bei nafuu. Kabla ya kusaini, elewa kwamba ukishaomba kuondolewa kwenye bima ya umma huwezi kurudi humo kwa muda wote wa masomo hayo, na bima nyingi za bei ya chini hukwepa meno, ujauzito na maradhi uliyokuwa nayo tangu nyumbani.

Kibali cha ukaazi kina ofisi yake, Ausländerbehörde. Peleka maombi angalau wiki nane kabla visa haijaisha. Ukiomba kabla ya tarehe hiyo, unaweza kupewa karatasi ya muda, Fiktionsbescheinigung, inayokulinda mpaka kadi itoke. Usikate tiketi ya kwenda nyumbani Krismasi kabla ya kuuliza ofisini kama karatasi uliyopewa inakuruhusu kurudi.

Kuna barua moja ambayo wageni huitupa wakidhani ni ya matapeli: ile ya Rundfunkbeitrag, mchango wa redio na televisheni za umma, euro 18.36 kwa mwezi. Hutozwa kwa nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Mkiishi watu wanne katika nyumba moja, analipa mmoja na wengine mnachangia. Jibu barua ukitaja namba ya mlipaji ya huyo mwenzenu anayelipa. Ukinyamaza, deni linalimbikizwa pamoja na faini. Kwenye hosteli, chumba ambacho mlango wake unafunguka moja kwa moja kwenye korido ya jengo huhesabiwa kama nyumba peke yake.

Chumba na unyevu

Omba hosteli ya Studentenwerk Leipzig, shirika la huduma za wanafunzi, mara tu upatapo barua ya kukubaliwa. Nje ya hosteli, watu hupanga pamoja nyumba moja, kila mtu na chumba chake. Tofautisha Kaltmiete, kodi tupu, na Warmmiete iliyojumlisha maji, taka na joto. Umeme na intaneti mara nyingi havimo hata kwenye hiyo ya pili. Amana haiwezi kuzidi kodi tupu ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Anayetaka fedha kabla hujaona chumba, akidai yuko nje ya nchi na atakutumia ufunguo kwa posta, ni mwizi. Hakuna haja ya kumchunguza zaidi.

Ukikabidhiwa, piga picha kila kona, dirisha na mkwaruzo, kisha uzitume kwa barua pepe siku hiyohiyo ili zibaki na tarehe.

Sasa tukae kwenye jambo linalowagharimu wanafunzi wetu amana zao: ukungu mweusi ukutani. Nyumba za Ujerumani zimezibwa ili joto lisitoke, na mvuke nao hautoki. Maharage yakichemka kwa muda wa saa mbili, nguo zikianikwa chumbani na watu wawili wakilala humo, maji yote hayo hubaki hewani na kutua mahali penye baridi zaidi, kwa kawaida kona ya ukuta wa nje nyuma ya kabati. Baada ya wiki chache kona hiyo inageuka nyeusi, na mwenye nyumba atakudai gharama ya kuirekebisha.

Kinga yake ni rahisi. Fungua dirisha wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, mara tatu kwa siku, na kila umalizapo kupika au kuoga. Zima hita wakati huo. Usiliache dirisha likiwa limeinama nusu mchana kutwa, kwani linapoza ukuta bila kubadilisha hewa vizuri, na ukungu huota palepale pembeni mwa dirisha. Kitasa cha hita kikae kwenye namba 3, karibu nyuzi 20. Usikizime kabisa ukienda darasani. Kabati na kitanda viwe sentimita 10 kutoka ukuta wa nje. Maharage yaloweke usiku kucha na uyapike kwa presha kuka: mvuke unapungua, na bili ya umeme pia.

Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili nzima, ni muda wa utulivu. Usitoboe ukuta wala kufungulia muziki mzito. Kuhusu mashine ya kufulia, soma kanuni za jengo. Ukiwa na sherehe, bandika tangazo mlangoni siku tatu kabla, taja saa ya kumaliza na namba yako ya simu. Jirani aliyearifiwa hupiga simu kwako badala ya polisi.

Taka hutengwa: karatasi pipa la bluu, vifungashio la njano, maganda ya chakula la kahawia, yaliyobaki jeusi. Chupa za kioo zisizo na amana (Pfand, fedha unayorudishiwa ukirejesha chupa) hupelekwa kwenye makontena ya mtaani kwa rangi zake, ila si usiku wala Jumapili. Chupa za plastiki na makopo yenye alama ya amana yana senti 25 kila moja. Rudisha kwenye mashine ya supamaketi bila kuyaponda, maana mashine husoma alama iliyo ubavuni, kisha mpe keshia risiti.

Nunua pia bima ya Haftpflicht, inayolipa hasara unayomsababishia mtu mwingine. Kwa mwaka ni makumi ya euro tu. Ukipoteza ufunguo wa hosteli unaofungua na lango kuu, unaweza kudaiwa vitasa vya jengo zima, kwa hiyo hakikisha mkataba wa bima unataja funguo.

Jikoni na sokoni

Maduka hufungwa Jumapili na sikukuu. Baadhi ya yale yaliyo ndani ya stesheni kuu ya Leipzig hubaki wazi, ila yana msongamano, kwa hiyo fanya ununuzi Ijumaa. Mchele, dengu, maharage makavu, viungo na nyama ya halali utavipata kwa bei nzuri kwenye maduka ya Waarabu na Waturuki ya mtaa wa Eisenbahnstraße, mashariki ya mji. Unga mweupe wa mahindi, muhogo na ndizi mbichi tafuta kwenye maduka ya Kiafrika. Polenta ya supamaketi ni ya njano na ya chembechembe: ukiipika kwa kipimo cha sembe, ugali unabaki na mchanga mdomoni. Ongeza maji na uipe muda zaidi motoni.

Kwa walaji wa sukuma wiki, Novemba ina habari njema. Grünkohl, mboga ya msimu wa baridi yenye majani ya kujikunja, hukaangwa kwa kitunguu na nyanya vilevile. Ondoa mshipa mgumu wa katikati, katakata nyembamba, na uipe dakika kumi zaidi kuliko ya nyumbani.

Mchana kula Mensa, kantini ya chuo, ambako mlo wa mwanafunzi mara nyingi huwa kati ya euro 2.50 na 5. Hata ukiweza kupika kwa bei ndogo kuliko hiyo, nenda mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kuwa ndipo wenzako wa darasa wanapopangia mambo yao. Anayekula chumbani kila siku huyasikia yakiwa yameshapita.

Plagi za pini tatu za mraba haziingii kwenye soketi za huku. Beba ekstensheni moja kutoka nyumbani na adapta moja tu. Vifaa vidogo kama chaja vitachomekwa hapo. Koti zito la mtumba kutoka Gikomba au Karume linafaa kabisa kama halipitishi upepo, lakini viatu nunua hapa, vipya, visivyopitisha maji, vyenye nafasi ya soksi nene.

Usafiri

Vyuo vingi huingiza tiketi ya usafiri kwenye ada ya mhula. Kama yako ni ya mfumo wa Deutschlandticket, inafika nchi nzima kwa tramu, mabasi na treni za mikoa, RE, RB na S-Bahn, lakini haifai kwenye treni za masafa marefu, ICE wala IC. Ukikamatwa bila tiketi halali faini ni euro 60. Simu iliyoishiwa chaji haikubaliki kama sababu, na tiketi ya mwanafunzi huendana na kitambulisho.

Leipzig ni tambarare na inafaa baiskeli. Ya mtumba ikague breki zote mbili, kengele, na taa za mbele na nyuma. Kushika simu ukiendesha ni euro 55, na kupita taa nyekundu ni kuanzia euro 60. Ifunge kwa kupitisha kufuli kwenye fremu na kitu kilichochimbiwa ardhini. Ukifunga gurudumu peke yake, utakuta gurudumu peke yake.

Burudani huandikishwa

Anza na Hochschulsport, michezo ya chuo, yenye kozi kuanzia mpira wa wavu hadi dansi na kupanda kuta. Siku na saa ya kufungua usajili hutangazwa mapema. Kozi zinazopendwa, hasa kuogelea na mpira wa miguu, hujaa ndani ya dakika chache. Ingia kwenye ukurasa robo saa kabla, namba ya mwanafunzi na ya akaunti zikiwa mkononi, ukiwa umechagua kozi mbili za akiba. Ada ya mhula mzima ni ndogo kuliko ya miezi miwili ya jimu nyingi. Chagua kozi ya jioni katikati ya wiki, ikutoe chumbani wakati giza linapokuwa zito.

Anayetaka mpira wa kweli aende kwenye Verein, chama cha michezo cha mtaa. Andika barua pepe fupi: jina, umri, nafasi unayocheza, na ombi la Probetraining, mazoezi ya majaribio. Ukiwa uliwahi kusajiliwa na klabu nyumbani, sema mapema, kwa sababu shirikisho la Ujerumani litaomba kibali kwa shirikisho la nchi yako na hilo huchukua muda. Mazoezi yakiisha usikimbilie tramu. Watu hukaa nusu saa na kinywaji, na juisi inatosha. Urafiki wa Verein hufungwa hapo. Soma pia kanuni za kujitoa: mara nyingi ni kwa maandishi na kwa tarehe maalumu, la sivyo ada inaendelea kukatwa.

Lugha nayo inaweza kukupa marafiki. Chuo Kikuu cha Leipzig kinafundisha Kiswahili katika masomo yake ya Afrika, kwa hiyo wapo wanafunzi wa Kijerumani wanaotafuta mtu wa kuzungumza naye. Bandika tangazo la tandem: dakika 45 Kijerumani, dakika 45 Kiswahili, siku moja ya kudumu kwa wiki, kila mmoja na mada yake. Bila saa iliyogawanywa, mazungumzo yote huhamia Kiingereza na wote wawili mnapoteza. Wenye mapenzi na lugha wafuatilie pia kongamano la Kiswahili la Bayreuth. Na hapahapa mjini ipo Leipziger Missionswerk, ambayo wamisionari wake walifika Kilimanjaro mwaka 1893 na ambayo bado ina ushirika na Walutheri wa Tanzania. Shughuli zake huwakutanisha Watanzania na Wajerumani waliowahi kuishi kwetu.

Kwa jioni za bei nafuu, Moritzbastei ni ngome ya kale ambayo wanafunzi waliifukua wenyewe kuanzia mwaka 1974 na kuifanya klabu yao; leo kuna muziki, filamu na dansi chini ya matao ya matofali. Zeitgeschichtliches Forum, makumbusho ya historia ya Ujerumani Mashariki, haina kiingilio. Katika kanisa la Thomaskirche, alikofanya kazi mtunzi wa muziki Bach, kwaya ya wavulana ya Thomanerchor huimba Ijumaa jioni na Jumamosi mchana inapokuwa mjini, kwa ada ya euro chache; wahi mapema upate kiti. Kwingineko taja neno "Student" kabla ya kulipa, kwa kuwa punguzo hupewa anayeliomba.

Kiangazi watu wote huhamia Cospudener See, ziwa lililo kusini ya mji, kwenye shimo la zamani la makaa ya mawe lililojazwa maji na kufunguliwa mwaka 2000. Asili hiyo ni muhimu: maziwa ya machimbo huwa na kingo zinazoshuka ghafla. Asiyejua kuogelea abaki kwenye fukwe zilizotengwa na asifuate wenzake kwenye kona tupu. Kozi ya watu wazima ya Hochschulsport ndiyo matayarisho yake. Kibao cha FKK kinamaanisha sehemu ya kuogelea bila nguo. Ukitaka nguo zako, sogea mbele.

Kuhusu kutembeleana, hodi ya ghafla haipo. Ukitaka kumwona mtu, taja siku na saa, wiki moja mbele. "Tutaonana siku moja" haina uzito. "Alhamisi saa moja jioni, nitapika pilau" itaingia kwenye kalenda. Anayetimiza siku ya kuzaliwa ndiye analeta keki, na kumpongeza kabla ya siku yenyewe huonwa kama kumtakia mkosi.

Novemba hadi Februari

Toka nje kila siku kabla ya saa nane mchana, hata kwa dakika 30 na hata kama mawingu ni mazito. Usingizi ukivurugika wiki mbili mfululizo, ukiacha kwenda darasani au kupokea simu za nyumbani, weka miadi ya ushauri wa kisaikolojia wa Studentenwerk. Huduma hiyo ipo kwa ajili ya wanafunzi, haiandikwi kwenye matokeo yako wala kupelekwa Ausländerbehörde. Dharura piga 112, polisi 110, na daktari wa usiku au wikendi kwa ugonjwa usiohatarisha maisha 116117.

Ukitafuta kazi, sheria ya tangu Machi 2024 inakupa siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, na wakati wa masomo usizidi saa 20 kwa wiki ili ubaki kwenye bima ya mwanafunzi. Kujiajiri bila kibali hakuruhusiwi, na hapo wengi hujikwaa: kusuka nywele kwa malipo au kuuza sambusa kwenye sherehe kunahesabiwa kuwa biashara.

Mwishoni mwa Januari, katikati ya maandalizi ya mitihani, angalia tarehe ya mwisho ya kulipa ada ya mhula wa kiangazi. Ada hiyo ndiyo usajili wako wa kuendelea. Ikipita bila kulipwa chuo kinaweza kukufuta, na kibali cha ukaazi kinasimama juu ya usajili huo. Lipa siku kumi kabla, hifadhi risiti, na papo hapo andika kwenye kalenda tarehe ya usajili wa Hochschulsport wa kiangazi. Kozi za kuogelea za Aprili hujaa haraka vilevile.